Mzee wa Kilimani Aliyesema Yu Salama

Mchana ule sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, wala sikuwa nimefunga hata useme njaa ilinipanda kichwani. Nilikuwa nimekula wali na samaki, nimeswali adhuhuri, na jua lilikuwa linawaka. Nayasema haya mapema kwa sababu nawajua watu. Ukisimulia jambo kama hili, wa kwanza atakuuliza kama ulikuwa umelala, na wa pili atakuuliza umri wako. Umri wangu ni miaka sabini na minne, na nimesomesha watoto Kurani hapa Shella, Malindi, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Mtu wa aina yangu anajua hesabu inayomngoja msema uongo. Tena katika kisa hiki mimi mwenyewe si mtu mwema. Ningekuwa natunga, ningetunga kingine.

Mambo yalianza kwa filamu. Mjukuu wa dada yangu, jina lake Maimuna, alisomea kazi hiyo Nairobi. Aliporudi alinijia na habari za kijiji kimoja huko bara, nyuma ya Ganze, juu ya kilima ambacho sitakitaja jina kwa sababu wenyewe wako hai. Kijiji kilikuwa na nyumba kama arubaini. Kisima kilipokauka, watu wakaanza kushuka, jamaa moja baada ya nyingine, wakajenga karibu na barabara. Wakabaki wazee. Kisha likaja lile jambo ambalo sisi watu wa huku twalijua na hatupendi kulisema. Mzee akishakuwa na mvi na macho mekundu, na kijana akafa kwa homa, watu hutafuta mchawi. Mzee mmoja pale alikatwa panga shambani kwake. Wengine wakakimbia. Akabaki mmoja tu, Mzee Charo, na nyumba thelathini na tisa zinazoanguka.

Maimuna alitaka kupiga filamu juu ya maisha ya mtu huyo na upweke wake.

"Lakini amenifukuza mara mbili, babu," akaniambia. "Ananitupia mawe."

"Mawe makubwa?"

"Ya kiasi. Anasema waliokuja na mapanga walikuwa vijana, na yeye hasemi tena na mtu asiye na mvi. Nikamwambia ninaye mmoja nyumbani, ana mvi mpaka masikioni."

Basi nikaenda. Bodaboda ilitufikisha chini ya kilima, tukapanda kwa miguu karibu saa nzima. Mzee Charo alikuwa amesimama juu akitutazama. Mtu mrefu, mkavu, shuka begani, kikohozi hakimtoki kifuani. Nilipofika mbele yake pumzi zilikuwa zimenikatika.

"Huyu ndiye mzee wako?" akamwambia Maimuna. "Mbona anahema kama mbuzi mwenye mimba?"

"Mbuzi mwenye mimba hupewa kivuli," nikamjibu.

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Akanipa kigoda, akanipa maji, na kuanzia hapo tukawa marafiki. Maji yenyewe alikuwa akiyafuata chini kabisa ya kilima, dumu moja kwa siku, lakini hakumwacha mgeni aondoke bila kunywa. Hata ukikataa, angekufuata na kikombe mpaka njiani.

Tulikwenda siku tatu. Maimuna akipiga picha, mimi nikiuliza. Alionyesha nyumba za majirani zake kwa majina, kana kwamba wamekwenda kondeni na watarudi jioni. Nilimuuliza kwa nini asishuke akaishi na wanawe wawili, ambao wana shamba lao Junju. Akanionyesha kaburi la mkewe nyuma ya nyumba, limepaliliwa vizuri. "Nikishuka, huyu nani atampalilia?" Nikamuuliza kama haogopi njaa. Akasema njaa ameizoea. "Lakini jana nilisema neno, Mwalimu, nikashtuka. Nilikuwa nimeisahau sauti yangu." Maneno hayo yamo kwenye filamu. Ukiyasikia pamoja na kile kikohozi, huwezi kuyasahau upesi.

Siku ya pili tulimkuta ndani, mlango umefungwa. Nikabisha hodi mara tatu, kimya. Dini yetu imetufunza adabu hiyo: bisha mara tatu, usipoitikiwa rudi zako, usimuudhi mwenye nyumba. Nikamwambia Maimuna tungoje chini ya mti. Yeye, mtoto wa kisasa, akabisha tena, na papo hapo mzee akaitika.

"Ulikuwa wasikia muda wote huu?" nikamgombeza.

"Nilikuwa nasikia."

"Basi?"

"Huku juu, Mwalimu, naitwa mchana kutwa. Wananiita kwa sauti ya mke wangu, kwa sauti ya wanangu. Wasio watu hubisha mara tatu. Ya nne hawaiwezi. Mimi humwitikia wa nne."

"Na kwetu sisi muungwana hubisha tatu akaenda zake."

"Basi waungwana wote wameshanipita," akasema, akacheka.

Nami nikacheka. Nilimchukulia kama mtu aliyekaa peke yake mno.

Siku ya mwisho nilimshika mkono nikamwahidi kwamba nitarudi kumtazama kabla ya Ramadhani, inshallah. Akaniangalia kwa yale macho mekundu. "Hiyo inshallah yako, Mwalimu, ni ya kuja au ni ya kutokuja?" Nikamwambia ni ya kuja. Akaushikilia mkono wangu kwa muda, akasema, "Hata wanangu walisema hivyo."

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi mmoja hapa mjini. Watu walijaa, wengine wakasimama ukutani. Mama mmoja mbele yangu alilia mpaka akajifunika uso kwa buibui. Ilipokwisha, ukutani yakatokea maandishi kwamba Mzee Charo bado anaishi kilimani. Watu wakapiga makofi, kisha wakanitaka nizungumze. Nikazungumza. Nilisema juu ya haki ya mzee, juu ya kumzuru asiye na mtu, na nikasema vizuri, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Watu walinipa mikono mpaka mlangoni. Na huku mwezi wa Shaabani ulikuwa unaisha, nami sijapanda kilima.

Ramadhani ikaingia. Nikasema, nimefunga, kilima kitanishinda. Ikaja Idi, nikasema wageni. Zikaja sita za Shawali, nikasema nimefunga tena. Masika yakaanza, nikasema utelezi. Kila sababu ilikuwa ya kweli, nisadiki, na zote pamoja zilikuwa uongo. Mzee hakuwa na simu inayofanya kazi. Maimuna alimwachia moja, lakini huko hakuna umeme wala mtandao.

Nilikwenda siku ya Alhamisi. Nilinunua tende na sukari, nikamchukulia na kikoi kipya. Mwenye bodaboda akaniacha chini ya kilima, akajinyoosha juu ya pikipiki yake alale. Nilipofika juu ilikuwa karibu saa tisa. Majani yalikuwa yameota kwenye njia. Niliona pia kwamba majani yameota juu ya kaburi la mkewe, na jambo hilo lilinigusa, lakini sikulifuata.

Mlango ulikuwa umefungwa. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha ya pili. Nikasikia mkwaruzo chini ya mlango, hafifu, kama kuku anayeparura. Nikajiambia: kuku. Nikabisha ya tatu.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapoulizwa kila nikiweka kichwa kwenye mto. Je, nilikuwa nimesahau ile ya nne? Hapana. Niliikumbuka. Nilisimama pale, ulimi umeshainuka. Lakini mahali palikuwa kimya, nyumba zile zote zimefumbua milango kunitazama, na moyo wangu ukataka kushuka. Nikajiambia mimi ni mtu wa adabu, nimebisha mara tatu, dini yangu imeniruhusu kurudi. Niliitumia dini kuuficha woga wangu. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Nikashuka. Sikufika mbali, labda nusu ya njia, aibu ikanisimamisha. Nikageuka. Wallahi niligeuka, mguu mmoja umeshapiga hatua ya kurudi, na hapo ndipo nilipomwona.

Alikuwa anatokea kwenye kinjia cha upande wa kulia, dumu la manjano begani, fimbo mkononi. Mzee Charo mwenyewe, na shuka lile lile. Amesimama wima, uso umenawiri.

"Mwalimu! Ndiyo unakwenda?"

Furaha niliyoipata! Kifua changu kilikuwa kama kimetuliwa mzigo. "Nimebisha hukuitika," nikasema.

"Ningeitikaje nami niko kisimani?"

"Basi turudi juu. Nimekuletea tende."

"Ziweke hapo jiweni, nitazichukua. Jua linakwenda, utakosa gari."

"Hata salamu za Maimuna nisikupe?"

"Mimi niko salama," akasema. "Sihitaji kitu. Usijisumbue."

Nikanyoosha mkono kumuaga. Akatikisa kichwa kuonyesha dumu na fimbo, kwamba mikono yote ina kazi. Nikauweka mfuko juu ya jiwe. Akashuka nami, hatua moja nyuma yangu, mpaka pale njia inapokata kona na pikipiki inaonekana. Njiani nilimsemesha, naye akanijibu yale yale, kwa sauti ile ile: niko salama, sihitaji kitu. Kwenye kona nikageuka nimuage. Alikuwa amesimama akitabasamu, dumu begani, akingoja niende. Sikumwona akiondoka. Mimi ndiye niliyeondoka, tena nikiwa na raha, nikimshukuru Mola kwamba rafiki yangu ni mzima na ahadi yangu nimeitimiza.

Unaona yale ambayo mimi sikuyaona? Nilikuwa natawadha kwa magharibi, nyumbani, maji yanapita viganjani, nikasimama. Kisima gani? Kisima si kilikauka, ndicho kilichokifukuza kijiji kizima? Na kikohozi kiko wapi? Siku tatu nzima Maimuna alilalamika kwamba kikohozi kinamharibia sauti za filamu, na leo mtu ametembea nami robo saa hakukohoa hata mara moja. Na tangu lini Mzee Charo akamwacha mgeni ashuke bila maji, naye dumu analo begani?

Utasema nilirudi usiku ule ule. Sikurudi. Nilijiambia masika yameanza, huenda kisima kimepata maji. Nilijiambia hewa ya mvua imemfaa kifua. Nikaswali, nikala, nikalala. Asubuhi ya Ijumaa nikajiambia vivyo hivyo, na Jumamosi.

Jumatatu Maimuna alikuja mlangoni bila viatu. Mrina asali alikuwa amepita kilimani jana yake, akaona mfuko wa tende juu ya jiwe umejaa siafu, akashangaa nani ameuacha. Akapanda mpaka nyumbani. Harufu ikamwambia lililobaki.

Walivunja mlango. Mzee Charo alikuwa chini, nyuma ya mlango kabisa, shavu limeegemea ubao. Alianguka akavunjika nyonga, akajiburuta kutoka kitandani. Tabibu wa zahanati aliyekuja kumtazama alisema hakuwa amekufa zaidi ya siku mbili. Hesabu mwenyewe. Chini ya ubao, upande wa ndani, kulikuwa na mistari ya kucha.

Ule mkwaruzo. Alhamisi, saa tisa. Alikuwa hai, ananisikia, sauti imekwisha, anasubiri nibishe tena tu ili ajue ni mtu.

Sisi tuliosoma tunajua kwamba majini wapo. Nimewasomea watu wengi, nimeona mengi. Lakini sijui lile lililoshuka nami lilikuwa nini, na sitajifanya najua. Najua kazi lililoifanya. Halikunidhuru. Halikunitisha. Lilikuja dakika ile ile nilipogeuka kurudi, likanituliza, likanisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

Tulimzika kando ya mkewe. Wanawe walikuja kutoka Junju, Katana mkubwa na mdogo wake. Baada ya maziko nilimvuta Katana pembeni nikamwambia yote, hodi zangu tatu na yule niliyekutana naye. Nilitaka anitukane. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Badala yake akakaa chini, kwenye udongo ule ule wa kaburi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza tumeonana. Mtu alikuwa amechanganyikiwa. "Na kwetu alikuja."

"Nani alikuja?"

"Baba. Alhamisi hiyo hiyo, alasiri. Alisimama nje kwenye minazi, hakutaka kuingia. Mke wangu alimletea kiti, akakataa. Nikamwambia, baba, nilikuwa najiandaa kuja Jumamosi kukutazama. Akasema yuko salama, hahitaji kitu, nisijisumbue."

"Ukamshika mkono?"

"Alikuwa amebeba dumu."

Kutoka kilimani mpaka Junju si mwendo wa mzee, wala si wa kijana. Katana akasema, polepole, "Nilifurahi, Mwalimu. Alipoondoka nilifurahi. Nikamwambia mke wangu, unaona, hata nauli tumeokoa." Akaanza kulia kwa sauti, mtu mzima yule, nami nikakaa naye kwenye udongo. Mimi niliyeuhutubia ukumbi mzima.

Maimuna aliyafuta yale maandishi ya mwisho ya filamu. Akaniuliza aandike nini badala yake. Nikamwambia aache kweusi.

Tangu hapo nimekuwa kero kwa jamaa zangu. Binti yangu anayeishi Kilifi akinipigia simu akasema hajambo, napanda gari naenda kumwona. Ananicheka. "Baba, si nimekwambia niko sawa?" Namwambia ndiyo, nimekuja kwa sababu umeniambia hivyo. Kila mwezi napanda kwa wazee wa huko bara, kwa wale waliobaki peke yao, nawashika mikono, nakaa mpaka wanachoka nami. Namshukuru Mola kwa miguu aliyoniachia. Si malipo ya Mzee Charo, hayo hayalipiki. Nafanya tu.

Na ningekimalizia hapa kisa hiki kama si jambo la majuzi, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki mbili zilizopita nilishikwa na homa kali. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, naishi peke yangu. Nililala siku tatu bila kuinuka, bila maji, simu imeisha chaji, nikijua kwamba majirani wataniulizia msikitini na mmoja atakuja. Hakuja mtu. Siku ya nne binti yangu aliingia, alhamdulillahi, yeye sasa ameambukizwa wasiwasi wangu. Nilipopata nafuu nilikwenda dukani kwa Bwana Ramesh, jirani yangu wa miaka thelathini, na kwa kweli nilikwenda nimenuna.

"Siku tatu nakufa pale," nikamwambia, "na wewe hukufungua hata mlango wako kunitazama!"

Alinikodolea macho. "Mwalimu, wacha mzaha wako. Jumanne si nilikuona pale kwenye kona? Nilikuwa nakuja kwako na supu mke wangu amekupikia. Wewe mwenyewe ukanirudisha."

"Nikakurudisha vipi?"

"Ukaniambia uko salama, huhitaji kitu, nisijisumbue. Ulikuwa umebeba dumu. Nikasema leo Mwalimu ana nguvu kama kijana." Akacheka, kisha akaniona uso wangu, akaacha.

Sasa umejua kwa nini nimeandika. Wengi wenu mnaosoma haya mnanijua, na mnapita mtaani kwangu. Ukinikuta njiani nimenawiri, nikakwambia niko salama na usijisumbue, usinisadiki. Njoo nyumbani unitazame.